Kaburi Kando ya Tanuri

Shambani, 3 Machi

Mwanangu, kifungua mimba wangu,

Marahaba kabla hujaniamkia, maana barua yako ya mwisho uliiandika huku mguu mmoja uko kwenye cherehani na shikamoo ukaisahau. Sisi hapa hatujambo. Kuku aliyevunjika mguu sasa anatembea, Mama Mdogo wako anaoka mikate kama kawaida, na mimi nimepungua mwili kidogo, jambo ambalo suruali zangu za zamani zimelifurahia.

Nimemwita mpima ardhi. Alikuja na kofia kubwa kuliko kichwa chake, tukazunguka shamba lote, yeye mbele na kamba, mimi nyuma na fimbo. Nimeamua kugawa wakati bado nina macho ya kuona nani ananuna. Nyumba kubwa na mteremko wote wa juu, pamoja na mahali alipolala mama yenu, ni vya ndugu yako. Bonde lenye udongo mweusi na mfereji ni lako. Mtu asije akakuambia kwamba mwanamke aliyeachika harithi. Aliyekuacha si mimi. Kiwanja cha chini kando ya barabara, chenye vyumba viwili na tanuri, ni cha Mama Mdogo. Hana mtoto, hana kaka, hana pa kurudi. Nataka niondoke nikijua ataoka mikate yake pale mpaka achoke mwenyewe.

Sasa nisikilize, na usirushe mkasi. Mimi nitazikwa kule chini, kwenye kiwanja cha Mama Mdogo, kati ya tanuri na barabara. Mwashi nimeshamwonyesha mahali. Wewe ndiye mkubwa. Siku ikifika watu watakutazama wewe, na neno lako ndilo litakalochimba. Kazi hii nakupa wewe kwa sababu ndugu yako ana haraka.

Sababu usiniulize. Nitumie vifungo vinne vya shati, vile vyeusi.

Baba yako

—

Mjini, 11 Machi

Baba, shikamoo.

Vifungo hivyo hapo. Nimeweka sita, maana viwili utavipoteza. Nimeanza navyo ili usiseme nilivisahau kwa hasira.

Hasira ninayo. Barua yako niliisomea dukani, mbele yangu amesimama mteja na wanawe wanaohitaji sare za shule. Nilimpima mtoto mkono mara mbili, na bado nikakata mkono mfupi. Shati lile sasa nimelifanya kitambaa cha kupangusia mashine.

Baba, jiwe la Mama ulilichagua mwenyewe. Nilikuwepo, nilikuwa msichana mkubwa. Mwashi alikuambia jiwe pana namna ile ni la watu wawili, ukamjibu, "Na sisi tuko wawili." Jina la Mama likachongwa kushoto, kulia kukaachwa kutupu. Kila nikija nyumbani napanda kule juu, napangusa upande wake na upande wako. Nafagia nafasi yako, Baba, ukiwa hai. Leo unaniambia utalala kando ya tanuri, malori yanapita, kwa ajili ya mke uliyemwoa juzi?

Sina ugomvi naye. Hajanikosea, na mikate yake naila. Mpe kiwanja, mpe tanuri, mpe hata bonde langu nikishindwa kulilima. Lakini wewe ni wa Mama. Alikuwa na wewe wakati shamba lile lilikuwa mawe matupu, akayabeba kwa karai kichwani mpaka nywele za utosini zikaisha. Atalala peke yake mpaka lini? Na nani atakayemwambia?

Kama mke wako ndiye aliyekuomba, sema. Kama ni wewe, nipe sababu. Bila sababu neno langu halitachimba kule.

Halafu, mwandiko wako una nini? Mistari inapanda mlima.

Mwanao

—

Shambani, 20 Machi

Mwanangu mkali,

Vifungo vimefika. Kimoja nimeshakipoteza, usicheke.

Mistari inapanda mlima kwa sababu meza ina mguu mmoja mfupi. Usinitafutie ugonjwa.

Mama Mdogo hakuniomba kitu. Hata hajui. Nimemkataza mwashi asimwambie, na wewe usimwandikie. Akijua atakataa. Mwanamke yule ukimpa kiti hukaa ukingoni, ili akiambiwa ainuke asichelewe.

Hujawahi kuniuliza nilimpatia wapi. Nilimwona pale barabarani, godoro amelikunja kichwani, sinia la kuokea mikate kwapani. Mumewe alikuwa amefariki. Karatasi ya kiwanja alichoachiwa alikuwa nayo, ina mihuri mpaka pembeni. Shemeji zake waliisoma vizuri, wakaisifu, kisha wakamtoa. Nilimpangisha chumba. Tanuri alilijenga kwa mikono yake, matofali aliyafyatua mwenyewe, na mwezi wa kwanza nilinunua mikate mingi kuliko niliyoweza kula. Mengine unayajua. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Sababu ninayo. Ila kuiandika ni kumshtaki mtu ambaye kosa bado hajalifanya, na mtu huyo nampenda. Mkono wangu unagoma. Kwa hiyo nakuomba uniamini bila sababu. Siku uliyorudi kutoka kwa mume wako na sanduku lako moja, mimi nilikuuliza nini? Nilikusogezea kiti. Leo nisogezee na wewe.

Kuhusu mama yako, niachie mimi. Nimemwambia. Napanda polepole, napumzika njiani, nikifika nakaa kwenye ukingo wa jiwe tunazungumza. Hajanuna. Anayenuna ni wewe.

Baba yako

—

Dukani, 2 Aprili

Dada, shikamoo.

Nakuandikia harakaharaka, wateja wa mabati wamenizunguka na mzani umeharibika. Mwashi alikuja kuchukua saruji akanipasulia jambo: Mzee anataka kuzikwa chini, kando ya tanuri. Nikadhani ni utani. Nikaenda kumwona.

Dada, Mzee anaumwa. Shati linamning'inia kama lipo kwenye kamba. Anakohoa kwenye kitambaa, kisha anakificha mfukoni kama mtoto aliyeiba sukari. Nilimwambia twende hospitali, akanijibu amekwisha kwenda, na walichomwambia kimemtosha. Nilitoka nje nikajifanya naangalia paa. Sikutaka anione.

Sasa tusibishane naye, tumwitikie tu. Siku ikifika tutamzika juu, kwa Mama. Najua wewe huwezi kukubali Mama alale peke yake, na kwa hilo niko nyuma yako. Ukisema wewe, hakuna mzee wa kupinga.

Na kule chini nikuambie ukweli, tusifichane. Nimepata mtu anayetaka kuweka kituo cha mafuta. Barabara ile inapanuliwa, nafasi kama hii haiji mara mbili. Nimemwambia asubiri. Mama Mdogo hatutamtupa, sisi si wanyama. Kuna kile chumba cha majembe nyuma ya nyumba kubwa, tutakipiga rangi, ataishi vizuri. Karatasi yake naijua, Mzee alinionyesha. Karatasi ni kitu cha kuzungumza. Lakini kaburi halizungumziki. Nani atachimbia tangi la petroli kwenye miguu ya baba wa mtu? Yule mteja akiliona tu ataondoka bila kuuliza bei, na mjane aliyezikiwa mume mlangoni humtoi hata kwa polisi, watu watakupiga mawe.

Kwa hiyo unaona: Mama apate mume wake, na sisi tupate kiwanja. Damu nzito kuliko maji, Dada. Nijibu upesi.

Mdogo wako

—

Mjini, 6 Aprili

Baba, shikamoo.

Nimeelewa.

Wewe hukuniambia, kwa hiyo hujamshtaki mtu. Nimeambiwa na mwenye jambo mwenyewe, kwa furaha, kama anayenigawia nyama. Wala si mbaya, Baba. Amekulilia, nadhani hukujua. Ana haraka tu, kama ulivyosema.

Nilidhani unamwacha Mama. Niliwaza mabaya, hata nilimwaza Mama Mdogo vibaya, nikala mkate wake huku namwaza hivyo. Kumbe unataka kulala pale ili asije akatolewa. Karatasi haikumlinda mara ya kwanza, sasa unampa kitu ambacho hakuna atakayekibisha. Ungeniambia. Lakini ungeniambia, ningemchukia ndugu yangu kabla hajakosa, na hilo nalo naona ulilikwepa.

Utalala kando ya tanuri. Nimekubali, na nitasema mbele ya watu wote, hata asimame nani mbele yangu. Moyo wangu haujapona kuhusu Mama, nisikudanganye. Umekubali tu, bado unauma.

Nina sare za shule moja za kumaliza. Jumamosi nipo njiani. Nikukute umevaa shati, vifungo vyote vimefungwa. Na meza usiniambie tena. Meza ile niliifanyia kazi za shule miaka yote, miguu yake ni sawa.

Mwanao

—

Kwenye tanuri, 10 Aprili

Mwanangu,

Barua hii nampa kondakta wa basi litakalopita kwanza, akuletee mkononi. Kaa chini kwanza, usiisome umesimama.

Baba yako ametutoka leo asubuhi. Alikuwa ameketi mlangoni akiota jua, mimi nawasha tanuri. Aliniambia kuni zile ni mbichi. Nikamjibu kuni alizikata yeye. Hakunijibu, na yeye si mtu wa kuacha neno la mwisho kwa mwingine, ndipo nikageuka.

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Alinificha hata damu. Vitambaa alikuwa anafua mwenyewe nyuma ya nyumba, mwanaume ambaye hajawahi kufua soksi. Niliviona kwenye kamba nikanyamaza, nikadhani kunyamaza ndiyo heshima. Sasa najiuliza.

Barua yako ilifika jana. Macho yake hayakushika tena mistari, akanipa nimsomee. Labda alisahau kwamba ndani yake mna nisichopaswa kujua. Labda hakusahau. Nilisoma mpaka mwisho. Akasema, "Huyo ndiye mwanangu," akaagiza lile shati. Nikamfunga vifungo, kisha nikaenda kukanda unga nikaulilia. Mkate wa leo hautauzwa.

Sasa nisikilize. Nimemkasirikia baba yako, na hayupo wa kuniomba radhi. Mtu hamzungushii mkewe uzio wa mwili wake bila kumwuliza. Ningemkatalia. Ndugu yako amefika na mwashi ameshapewa kazi. Wanachimba kule juu, kwa mama yenu, sauti ya sururu naisikia ninapoandika. Sijasema neno, na sitasema. Mzikeni pale. Mimi nilikuta shamba limeshalimwa. Aliyebeba mawe ni yeye, na mahali pale aliahidiwa. Sitaki nilale usingizi mzuri nikijua kuna mwanamke kule juu anayemngoja mumewe.

Usiogope kwa ajili yangu. Nilishatolewa mara moja sikufa. Godoro ni lile lile na kichwa ni kile kile.

Njoo upesi, tunakungoja wewe tu.

Mke wa baba yako

—

Kwenye tanuri, 24 Aprili

Mwanangu,

Tangu uondoke sijakuandikia. Nilikuwa nakutafutia maneno ya kukushukuru, nikaona kila ninalolishika ni dogo. Nimeacha kutafuta.

Bado nakuona ulivyofika, hukunywa hata maji, ukapanda moja kwa moja kule juu walipokuwa wanachimba. Ukashuka na udongo kwenye viatu, macho yamekuvimba. Nilijua umemwona mama yako na shimo kando yake, nikajua umeamua kumpa mume wake. Niliingia ndani nikaanza kukunja godoro. Ndipo nikasikia sauti yako uani, mbele ya wazee, inasema, "Baba alinipa neno. Atalala chini, kando ya tanuri. Asiyetaka kubeba akae pembeni." Ndugu yako alikutazama muda mrefu. Kisha akashika jeneza kwa mbele. Godoro nimelikunjua, na siku hizi nikikaa kwenye kiti nakaa chote.

Juzi ndugu yako alikuja na yule mtu wa mafuta. Nadhani miadi ilikuwa ya zamani, akaona aibu kuivunja. Yule mtu akashuka garini, akaona udongo mpya, akavua kofia. Akauliza, "Huyu ni nani?" Ndugu yako akasema, "Ni baba." Yule bwana akanunua mikate miwili akaenda zake. Bei ya kiwanja hakuiuliza.

Ndugu yako alibaki. Nikampa mkate wa moto, akaketi nao pale kaburini akala ule ulaini wa katikati, maganda akayaacha, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo, baba yenu aliwahi kunisimulia. Akaniuliza kama anaweza kuleta saruji alijengee. Sikumwambia ndiyo wala hapana. Nikamwambia saruji nzuri ni ile isiyolala sana dukani. Akacheka kidogo, halafu akalia. Nikampa ganda moja, nikamwambia na hili ni mkate.

Jambo linalonisumbua ni shimo lile la juu. Bado liko wazi, limefunikwa mabati. Mwashi anasema kaburi likishachimbwa haliachwi hivyo, na kulifukia tupu hataki bila neno la mkubwa wenu. Ndugu yako haya inamzuia hata kulisogelea. Mimi nilipanda jana nikakaa na mama yako. Nilimwomba radhi, nikapangusa jiwe pande zote mbili, maana ulisema ndivyo ufanyavyo. Ule upande mtupu ulinitazama, nikashindwa kuondoka.

Mwashi anasubiri. Tumwambie nini?

Mama Mdogo wako

—

Mjini, 30 Aprili

Mama, shikamoo.

Siku ile nilisimama kwenye lile shimo nikiwa nimeshaamua mara mbili, na mara zote mbili nikabadili. Barua yako nilikuwa nayo mfukoni. Ulikuwa umeniruhusu kufanya nililolitaka tangu mwanzo. Nilimtazama Mama kule kushoto, nikamwambia, "Nikikuletea, huku chini kuna mtu atakunja godoro." Mama nilimjua. Alikuwa anagawa hata kile ambacho bado hajakionja. Nikashuka.

Lakini niliacha pale jambo moja sikumwambia mtu, nakuambia wewe. Wanawake wanaokuja kushonesha hutaniana, huyu atazikwa kwa mumewe, yule atazikwa kwa wanawe. Wakifika kwangu hunyamaza, wananiomba pini. Kwa mume nilitoka. Kwa baba, mtoto wa kike akishaolewa huhesabiwa mgeni. Mtoto sikujaliwa. Sikuwahi kumwuliza Baba mimi nitalala wapi. Niliogopa asinijibu.

Miaka yote nilipofagia upande ule wa kulia nilidhani nafagia kwa Baba. Kumbe nilikuwa nafagia kwangu. Ndugu yangu nitamwandikia mwenyewe, ardhi ile ni yake, na najua hatakataa. Mama naye ameshazoea kungoja, angoje tena kidogo. Safari hii anayengojwa atafika.

Mwambie mwashi alifukie. Ila udongo asiushindilie sana.

Mwanao